Pikapu, Tela na Gharama ya Dizeli

Tangu barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012, safari baina ya Thika na Ruiru imekuwa nyepesi, na wakulima wenye pikapu wameona heri kukokota tela lao wenyewe kuliko kukodi lori. Hesabu yao ni njema, ila mara nyingi husahau dizeli. Bei ya mafuta hutangazwa kila tarehe 14 ya mwezi, wala mkulima hana uwezo wa kuibadili. Kilichomo mikononi mwake ni kiasi atakachochoma njiani.

Mizigo miwili huonekana sana katika njia hiyo: mawe ya kujengea yatokayo machimbo ya Ndarugu, na marobota ya nyasi kavu ya kulishia ng'ombe wa maziwa. Malisho yamekuwa haba upande wa Ruiru, kwani mashamba mengi ya kahawa yamekwisha kugeuzwa kuwa nyumba. Watu wengi hudhani kwamba mawe ndiyo yanayokula mafuta kuliko nyasi. Kwa mwendo wa pole wanasema kweli. Lakini mwendo ukizidi, nyasi zaweza kuyashinda mawe.

Marobota 100, kila moja la kilo 15, ni kilo 1,500 tu, uzito usioitisha pikapu yenye nguvu. Lakini yakipangwa juu hata kupita paa la gari, huwa kama ukuta unaosukumwa mbele ya upepo. Nguvu ya upepo huo haiongezeki sawasawa na mwendo. Dereva akitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, upepo humpinga kwa zaidi ya mara moja na nusu. Akitoka 60 hadi 100, ni karibu mara tatu. Naye hupata faida gani? Katika mwendo wa kilomita 20, yule wa 100 humtangulia yule wa 80 kwa dakika 3 tu. Dakika hizo hununuliwa ghali. Afadhali marobota yapangwe chini, yajaze urefu wote wa tela, na turubai likazwe sana lisipepee.

Mambo ya mawe ni mengine. Tela hufikia kikomo cha uzito kabla halijajaa hata nusu, na adui wake ni breki. Tuseme pikapu, tela na mzigo wake vyote pamoja ni tani 4. Kuviondoa vilipo hadi vifikie mwendo wa kilomita 80 kwa saa huchukua takriban sehemu moja ya kumi na mbili ya lita ya dizeli, na breki ikikanyagwa nguvu hiyo yote hugeuka moto na kupotea. Dereva akisimama mara 12, lita nzima imekwenda bure. Hapana budi basi atazame mbali, aondoe mguu mapema aonapo matatu zimejikusanya, tena aepuke saa za msongamano.

Penye mteremko wa kuelekea mto Ndarugu, wako madereva wanaoitoa gia ili gari lijiendee lenyewe, wakidhani wanaokoa mafuta. Injini za dizeli za siku hizi hukata mafuta zenyewe gari literemkapo likiwa katika gia, kwa hiyo hawaokoi kitu, na wameutupa msaada wa injini katika kuzuia tani 4. Penye mlima, mashine ikianza kutetemeka kwa uzito, na apunguze gia moja bila kusita.

Tairi zenye upepo haba hula mafuta na kupata joto. Zipimwe kabla ya safari, zikiwa baridi. Yafaa pia kusoma kitabu cha gari, kwani pikapu nyingi haziruhusiwi kukokota zaidi ya kilo 750 ikiwa tela halina breki zake. Mzigo nao upangwe hata sehemu ya kumi hivi ya uzito wa tela ilalie kwenye ndoano, la sivyo tela litayumba.

Mwenye kutaka kujua hasara yake ajaze tangi hadi pomoni kabla ya kuondoka, aandike kilomita, kisha akirudi ajaze tena katika kituo kile kile. Akifanya hivyo mara kadhaa kwa mwendo wa 80 na mara kadhaa kwa 100, daftari litamweleza mengi kuliko jirani zake.

Imebaki safari ya kwenda, ambayo wengi huifanya tela likiwa tupu. Mwenye ng'ombe wa Ruiru ana samadi nyingi kuliko ardhi ya kuitia, na huko Thika anakonunua nyasi wako wanaoitafuta. Wakipatana, dizeli ya kwenda italipwa na samadi.