Je, Wajua? Kirusi cha Bandia chenye Herufi 68

Ni wachache miongoni mwa watumiao kompyuta wajuao kwamba taasisi moja ya Ulaya iitwayo EICAR, iliyoasisiwa mwaka 1991, ilitoa kwa makusudi kirusi kisichomdhuru mtu: mfuatano wa herufi na alama 68 tu, usioweza kujizalisha wala kufuta hati ya mtu, na ambao ukiendeshwa katika mfumo wa kale wa DOS huandika mstari mmoja wa maneno, kisha basi. Watengenezaji wa programu za kukinga virusi waliafikiana kuunasa kana kwamba ni maradhi ya kweli, ili kila mwenye kinga apate kuijaribu pasipo hatari.

Chukua ofisi yoyote ya Mbalizi, hapo magharibi ya Mbeya, inayotunza seva yake yenyewe ya barua pepe. Aghalabu barua hupokewa na Postfix, programu iliyobuniwa na Wietse Venema, nayo huikabidhi Amavis kupitia mlango namba 10024. Amavis hufumua viambatisho na kuiita ClamAV ivipekue, na barua iliyo safi hurejeshwa kwa mlango 10025 na kufikishwa kwa mwenyewe, kama vile malori yapitayo Mbalizi kwenda Tunduma yasivyovuka mpaka hadi forodha iridhike. Illa forodha hii ikifa haina kilio: wiki ikipita bila kunaswa kitu, hujui kama maradhi yamepungua au mpekuzi hayupo.

Hapo ndipo zile herufi 68 hutumwa, na kuzituma kwenyewe kuna mitego. Gmail huzikataa kabla hazijaondoka. Na atumaye kutoka ndani ya ofisi huenda akahadaika, maana baadhi ya seva zimeagizwa kuziamini kompyuta za humo ndani bila kuzipekua barua zake.

Barua hiyo ya majaribio ikifika salama salimini, yaani haikunaswa, tazama kwanza kama Postfix imeelekezwa kwa Amavis hata kidogo. Na katika mfumo wa Debian ujue kwamba Amavis huja ukaguzi wa virusi ukiwa umezimwa, hadi mistari yake katika faili la mipangilio iondolewe alama ya reli (#). Isipofika kabisa, wala haiko karantini, kumbukumbu za seva aghalabu hutaja moja ya mambo mawili. Ama ClamAV, iendeshwayo kwa jina la mtumiaji lililo lake yenyewe, haina ruhusa ya kusoma faili za Amavis, na dawa ni kuiingiza katika kundi la Amavis na kuiwasha upya; ama imeuawa kwa uhaba wa kumbukumbu ya muda, kwani orodha yake ya virusi hula zaidi ya gigabaiti moja. Katika hali hizo Amavis hujibu kwa msimbo 451, na Postfix huishikilia barua hata siku 5 huku watu wakilaumu intaneti. Fundi azimaye kichujio ili foleni iishe, kwa maoni yangu, amefanya khiyana.

Lakini hata kunaswa kwa EICAR si ithibati ya kila kitu, kwa kuwa orodha iliyochakaa miaka huitambua vilevile; tarehe ya orodha iletwayo na freshclam sharti itazamwe peke yake.