Wataalamu wa Kompyuta wa Mkataba: Kwa Nini Kaunti Huwatumia, na Mkazi Analindwaje?

Unapolipia leseni ya biashara kwa simu, ada ya kuegesha gari au ushuru wa soko, malipo yako hupitia mfumo wa kompyuta. Nyuma ya mfumo huo kuna watu: wanaouunda, wanaourekebisha ukikwama na wanaowafunza makarani kuutumia. Si wote ni wafanyakazi wa kudumu wa kaunti. Baadhi huletwa na kampuni kwa miezi au miaka michache, kisha huondoka. Pesa zinazowalipa ni za mwananchi, na rekodi wanazozishika ni zake pia. Ndiyo maana inafaa kila mkazi aelewe mpango huu.

Kwa nini wasiajiriwe wa kudumu?

Kifungu cha 235 cha Katiba kinaipa kila kaunti jukumu la kuajiri watumishi wake. Kazi hiyo hufanywa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Hata hivyo, Bodi haiwezi kuajiri bila kikomo. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za mwaka 2015 zinataka mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kiwango hicho kikivukwa, kinachopungua ni pesa za dawa, maji na barabara.

Sababu ya pili ni kwamba kazi nyingine zina mwisho. Kuingiza rekodi za ardhi kwenye kompyuta kutoka mafaili ya zamani huhitaji watu wengi kwa muda mfupi. Kazi ikikamilika, hakuna haja ya kuendelea kuwalipa. Tatu, ujuzi kama wa kukinga mifumo dhidi ya wadukuzi ni adimu, na kaunti huuhitaji kwa siku chache tu katika mwaka.

Sababu hizi hazihalalishi kila kandarasi. Kazi ya kila siku, kama vile kuhudumia kompyuta za hospitali, ikipewa mkandarasi mwaka nenda mwaka rudi, huenda ikagharimu zaidi kuliko kumwajiri fundi. Katika bei ya kampuni kuna malipo ya fundi, faida ya mwenye kampuni na, kwa kawaida, kodi ya VAT ya asilimia 16.

Hupatikana kwa njia gani?

Bodi inaweza kumwajiri mtu moja kwa moja kwa mkataba wa muda maalumu. Ikiwa kaunti inanunua huduma kutoka kwa kampuni, hapo hufuatwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na usiofuja pesa. Sheria hiyo pia inataka zabuni zilizotolewa zitangazwe kwa umma, na angalau asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi itengewe kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kijana mwenye ujuzi wa kompyuta anaweza basi kutafuta kazi kwa Bodi, au kusajili kampuni na wenzake wawanie zabuni.

Hatari iko wapi?

Hatari kubwa huja mkataba unapokwisha. Mwaka 2014, Kaunti ya Jiji la Nairobi ilianza kukusanya ada kupitia eJijiPay, mfumo ulioendeshwa na kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 5. Mkataba ulipoisha mwaka 2019, jiji lilihitaji njia nyingine ya kukusanya mapato. Kaunti yoyote inayokodi mfumo itafikia siku kama hiyo, na inapaswa kujiandaa tangu siku ya kutia sahihi.

Mkataba mzuri husema wazi mambo matatu. Kwanza, data zote ni mali ya kaunti, na zitarudishwa zikiwa katika hali ya kusomeka. Pili, maneno ya siri ya mfumo yatakabidhiwa kwa afisa wa kaunti, na ruhusa ya fundi anayeondoka itafungwa siku hiyo hiyo. Tatu, wafanyakazi wa kaunti watafunzwa kazi kabla mkandarasi hajaondoka. Bila hayo, kaunti hujikuta ikiongeza mkataba kwa sababu tu haiwezi kujiendesha.

Data zako zinalindwaje?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haiiruhusu kaunti kumtupia mkandarasi lawama na kunawa mikono. Ni lazima kuwe na mkataba wa maandishi, na mkandarasi afuate maagizo ya kaunti pekee. Data zikivuja, anatakiwa kuiarifu kaunti ndani ya saa 48. Kaunti nayo ina saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data iwapo wenye data wanaweza kudhurika. Ukiona data zako zimetumiwa vibaya, una haki ya kulalamika kwa Kamishna huyo.

Wewe ufanye nini?

Katika vikao vya bajeti, uliza: Ni kazi gani inafanywa na mkandarasi? Inagharimu kiasi gani kwa mwaka? Mkataba unaisha lini? Nani atabaki na ujuzi?

Ukikosa majibu, tumia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Andika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kusoma na kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, na afisa ataliandika. Kuwasilisha ombi hakutozwi ada, na jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21. Ukinyimwa habari, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Mwisho, weka risiti za malipo yako yote, hasa mfumo unapobadilishwa. Usimpe mtu yeyote PIN ya simu yako, hata akisema ni fundi wa kaunti. Fundi wa kweli haihitaji kurekebisha mfumo.