Mkaguzi Mkuu na Mwanasheria Mkuu: Kila Mmoja na Kazi Yake

Mwishoni mwa mwezi wa Machi kila mwaka, redio huwa na habari moja kubwa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amempelekea Rais taarifa yake. Watu wengi humwita kwa herufi tatu tu, CAG. Siku hizo ukipita soko la Tengeru au ukisubiri gari Usa River, utasikia watu wakiulizana: "Mwaka huu atamfunga nani?"

Hamfungi mtu. Mkaguzi Mkuu hana polisi, hana mahabusu, wala hana mahakama. Kazi yake ni kuhesabu, kulinganisha na kusema alichokiona. Akikuta dalili za wizi, hupeleka habari kwa vyombo vya uchunguzi, kama vile TAKUKURU. Wao ndio wanaochunguza, na kesi hupelekwa mahakamani na Mkurugenzi wa Mashtaka.

Yuko na mtu wa pili ambaye jina lake husikika mara nyingi, lakini kazi yake haifahamiki. Huyu ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku moja nilikuwa nawafundisha wakulima kupogoa mibuni. Mzee mmoja akaniuliza kama anaweza kumwandikia Mwanasheria Mkuu kuhusu jirani aliyesogeza mpaka wa shamba. Mimi ni bwana shamba, si wakili, lakini jibu la swali hilo nilikuwa nalo. Mwanasheria Mkuu ni wa Serikali. Kesi ya mzee na jirani yake haimhusu.

Watu hawa wawili wametajwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Mwanasheria Mkuu yumo katika ibara ya 59. Mkaguzi Mkuu yumo katika ibara ya 143 na 144. Zanzibar nao wana Katiba yao ya mwaka 1984, na wana Mkaguzi Mkuu wao na Mwanasheria Mkuu wao.

Mfano wa mfereji

Sisi tunaokaa kwenye miteremko ya Mlima Meru tunaijua mifereji. Maji hushuka kutoka juu, yakapita kwenye migomba na kahawa, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Sasa fikirini mfereji ambao mtu anayefungua maji ndiye huyo huyo anayeandika nani amepata zamu ngapi. Hapo ugomvi hauishi. Ni afadhali mmoja afungue maji, mwingine ahesabu zamu. Tena yule anayehesabu asiwe mtu wa kufukuzwa na mfunguaji siku atakapogundua kuwa zamu moja imeibwa.

Halafu yuko mzee anayejua desturi ya mfereji. Kabla ya kuchimba tawi jipya, viongozi wa mfereji humwuliza: "Je, jambo hili ni halali?" Huyu hahesabu maji. Yeye hushauri.

Mkaguzi Mkuu ni kama yule anayehesabu zamu. Mwanasheria Mkuu ni kama yule mzee anayeulizwa.

Jina lake lina kazi mbili

Tuanze na Mkaguzi Mkuu, maana kazi yake inafika hadi kijijini. Tazameni jina lake: Mdhibiti, tena Mkaguzi. Kudhibiti ni kazi ya kabla fedha hazijatoka. Fedha za Serikali zimo katika Mfuko Mkuu wa Hazina, na haziwezi kutolewa ovyo. Mdhibiti lazima ahakikishe kwamba kuna sheria iliyoruhusu zitolewe. Kukagua ni kazi ya baadaye. Fedha zimekwisha kutumika, naye anauliza: je, zilifanya kazi ile iliyokusudiwa?

Mwaka wa fedha wa Serikali huisha tarehe 30 Juni. Baada ya hapo hesabu hufungwa na wakaguzi huingia kazini. Wanakagua wizara, mahakama, Bunge, mashirika ya umma na halmashauri zote. Halmashauri ya Jiji la Arusha, Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na Halmashauri ya Wilaya ya Meru zote zimo.

Wakaguzi hawakai ofisini tu. Katika kijiji kimoja niliwaona wakipanda kilima kwa miguu, wakafika kwenye darasa jipya, wakahesabu madirisha. Daftari lilisema madirisha 12. Wao walihesabu 8. Hawakugomba na mtu. Waliandika, kisha wakauliza risiti ziko wapi. Mtendaji alitokwa jasho, na hakukuwa na jua kali siku ile.

Baada ya ukaguzi, halmashauri hupewa hati. Ile inayoitwa na watu "hati safi", jina lake hasa ni hati inayoridhisha. Iko pia hati yenye shaka, na iko hati isiyoridhisha. Lakini tufahamu jambo moja ambalo huwapotosha wengi. Hati safi haina maana kwamba hakuna hata shilingi moja iliyopotea. Maana yake ni kwamba hesabu zimeandikwa vizuri na kwa ukweli, kwa kadiri wakaguzi walivyoona. Halmashauri inaweza kupata hati safi, na bado taarifa ikataja zahanati iliyolipiwa na haijaezekwa. Kwa hiyo diwani akija kijijini akajisifu kwa hati safi, mwulizeni pia kuhusu hoja za ukaguzi ambazo bado hazijajibiwa.

Chama cha ushirika cha kahawa hakiko chini ya utaratibu huu. Vyama vya ushirika vina shirika lao la ukaguzi, COASCO, lililoundwa mwaka 1982.

Taarifa haiwezi kufichwa

Mkaguzi Mkuu humpa Rais taarifa yake. Rais huagiza ipelekwe Bungeni. Katiba inasema iwasilishwe katika mkutano wa kwanza wa Bunge baada ya Rais kuipokea, kabla siku 7 hazijapita tangu mkutano huo uanze. Na je, Rais asipofanya hivyo? Hapo Mkaguzi Mkuu mwenyewe ataipeleka kwa Spika. Tangu hapo taarifa ni mali ya wananchi, na hutolewa kwa Kiswahili pia.

Katiba inasema tena kwamba katika kazi yake Mkaguzi Mkuu halazimiki kufuata amri ya mtu yeyote wala idara yoyote. Mahakama tu ndiyo inayoweza kuchunguza kama amefuata Katiba na sheria. Ameteuliwa na Rais, ni kweli, lakini Rais hawezi kuamka asubuhi na kumwondoa. Lazima iwe amefanya utovu wa nidhamu au ameshindwa kazi, kwa ugonjwa ama kwa sababu nyingine. Tena lazima tume ichunguze kwanza, yenye majaji ndani yake. Na mtu aliyewahi kuwa Mkaguzi Mkuu hawezi kupewa kazi nyingine katika utumishi wa Serikali, ili asiwe na cha kutamani kutoka kwa wale anaowakagua.

Mshauri ni mtu wa Serikali

Mwanasheria Mkuu wa Serikali hakuwekewa ngome kama hiyo. Rais humteua, na Rais anaweza kutengua uteuzi wake. Watu wengine huona hii ni kasoro. Mimi sioni hivyo. Mshauri ni lazima aaminiwe na yule anayemshauri. Mkaguzi ni kinyume chake: anafaa hata kama anachukiwa.

Mwanasheria Mkuu huishauri Serikali juu ya mambo yote ya sheria. Huhudhuria mikutano ya Baraza la Mawaziri, lakini hapigi kura humo. Ni mbunge kwa sababu ya cheo chake, wala hakuchaguliwa na jimbo lolote. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, kazi hii ilishikwa na Mwingereza, Roland Brown. Mtanzania wa kwanza kuishika alikuwa Mark Bomani, mwaka 1965.

Jina la Mwanasheria Mkuu ndilo linalosimama Serikali inaposhtakiwa. Hapa Arusha tunaye jirani anayetuonyesha jambo hilo, yaani Mahakama ya Afrika Mashariki. Mwaka 2017 vijiji vinne vya Loliondo, Ololosokwan kikiwemo, vilifungua kesi huko juu ya ardhi. Kesi iliandikwa dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Tanzania. Si kwamba yeye alichukua ardhi ya mtu. Alisimama kwa niaba ya Serikali. Mwaka 2022 mahakama iliitupa kesi hiyo. Mwaka 2023 kitengo cha rufaa kiliamuru isikilizwe upya.

Siku hizi kesi za namna hii huendeshwa na Wakili Mkuu wa Serikali, ambaye ofisi yake iliundwa mwaka 2018. Mashtaka ya jinai ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, aliyepata ibara yake katika Katiba mwaka 2005.

Siku kazi hizi mbili zilipokutana

Mwaka 2014 nchi nzima iliona kazi hizi mbili zikikutana. Shirika la umeme, TANESCO, lilikuwa na ugomvi wa malipo na kampuni ya IPTL ya Tegeta, Dar es Salaam. Fedha za ugomvi ziliwekwa katika akaunti maalumu Benki Kuu. Mwaka 2013 fedha hizo zikatolewa, zaidi ya shilingi bilioni 300. Wabunge wakauliza: fedha hizi zilikuwa za nani, na nani aliruhusu zitoke?

Ofisi ya Mkaguzi Mkuu ikafanya ukaguzi maalumu. Taarifa ikafika kwa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, na Novemba 2014 ikajadiliwa Bungeni hadi usiku. Moja ya maswali lilikuwa ushauri wa kisheria uliotolewa kabla ya malipo. Tarehe 16 Desemba 2014 Mwanasheria Mkuu, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu. Alisema ushauri wake juu ya akaunti hiyo haukueleweka. Rais Jakaya Kikwete alikubali barua yake.

Angalieni mpangilio wa jambo lile. Mkaguzi hakumfukuza mtu. Alihesabu, akaandika. Bunge likasoma, likaamua. Lakini bila maandishi yale, Bunge lingekuwa na uvumi tu.

Miaka mitano baadaye ilikuwa zamu ya Mkaguzi Mkuu mwenyewe kujaribiwa. Profesa Mussa Assad alisema katika mahojiano kwamba kutofanyiwa kazi kwa taarifa zake kulionyesha udhaifu wa Bunge. Spika Job Ndugai alimwita mbele ya kamati ya maadili mwezi wa Januari 2019. Aprili mwaka huo Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Novemba 2019 Rais John Magufuli akamteua Charles Kichere kushika nafasi hiyo. Sababu iliyotajwa ni kwamba miaka 5 ya Profesa Assad imekwisha, kama ilivyoandikwa katika Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008.

Jambo hilo lilipelekwa Mahakama Kuu na mwanasiasa Zitto Kabwe, na Mwanasheria Mkuu alikuwa mmoja wa walioshtakiwa. Desemba 2022 mahakama ilisema kifungu kile cha miaka 5 kinapingana na Katiba, kwa sababu Katiba inamtaka Mkaguzi Mkuu abaki kazini mpaka umri wa kustaafu. Aliyeteuliwa aliendelea na kazi. Hata hivyo neno la mahakama limebaki katika vitabu vya sheria.

Ukitaka kuishtaki halmashauri ya kijiji

Hapa ndipo Mwanasheria Mkuu anapoingia katika maisha ya mwanakijiji, na watu wengi hawana habari. Mwaka 2020 sheria ya mashauri dhidi ya Serikali ilibadilishwa. Zamani, ukiwa na madai dhidi ya halmashauri ya kijiji au ya wilaya, ungeweza kuishtaki yenyewe peke yake. Sasa halmashauri hizo zinahesabiwa kama Serikali. Kwanza lazima utoe notisi ya siku 90, ueleze madai yako ni nini, na nakala umpelekee Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku 90 zikipita, unafungua kesi Mahakama Kuu, na jina la Mwanasheria Mkuu lazima liwemo pamoja na la halmashauri. Ukimwacha nje, kesi yako itaondolewa, hata kama haki ni yako.

Ni mzigo kwa mtu wa Leguruki au Oldonyo Sambu kufunga safari mpaka Mahakama Kuu mjini Arusha. Nauli peke yake ni debe la mahindi. Lakini ndivyo sheria ilivyo. Kabla ya kulipa mtu yeyote fedha za kuandikiwa kesi, muulizeni msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwaweka ili wawasaidie wasio na uwezo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kuwaelekeza. Na notisi ikipokelewa, hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri na kuandikwa tarehe, kwa sababu siku 90 zinahesabiwa kuanzia hapo.