Sonona kwa Wanaoishi na MS: Maradhi ya Kutibiwa, si Huzuni ya Kuvumiliwa

Maltipo sklerosisi, ambayo kwa kifupi huitwa MS, ni ugonjwa unaotokea pale mfumo wa kinga ya mwili unapoushambulia utando wa miyelini unaozifunika nyuzi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Utando huo unapoharibika, ujumbe unaopita katika neva huchelewa au hukatika njiani. Ndiyo maana mgonjwa huona ukungu, hufa ganzi, huishiwa nguvu za miguu au hushindwa kuzuia mkojo. Ugonjwa huanza zaidi kati ya umri wa miaka 20 na 40, na huwapata wanawake kuliko wanaume. Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa watu wapatao milioni 2.8 duniani walikuwa wakiishi nao. Katika Afrika Mashariki wagonjwa wanaofahamika ni wachache.

Dalili za mwili ndizo zinazompeleka mgonjwa kliniki, na ndizo anazoulizwa. Dalili moja husahaulika mara kwa mara, nayo ni sonona. Hadi nusu ya watu wenye MS hupatwa na sonona wakati fulani wa maisha yao, kiwango kinachozidi sana kile cha watu wasio na ugonjwa huo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika sonona, hata hivyo, mara nyingi mgonjwa hakuficha, hakuulizwa.

Kwa nini sonona huandamana na MS

Sababu ya kwanza imo ndani ya ubongo wenyewe. MS inaweza kuacha makovu katika sehemu zinazoratibu hisia, na uvimbe unaosababishwa na mfumo wa kinga huweza kuathiri kemikali zinazosaidia kuleta utulivu wa nafsi. Sababu ya pili ni hasara anazozipata mgonjwa: kazi, kipato, uhakika wa kesho, na pengine ndoa. Hata hivyo, ukali wa sonona haulingani siku zote na ukali wa ulemavu. Anayetembea vizuri aweza kuwa na sonona kali, na anayetumia kiti cha magurudumu asiwe nayo. Kwa hiyo mhudumu wa afya hawezi kuipima sonona kwa kutazama miguu.

Inafuata kwamba sonona si udhaifu wa imani, uvivu wala kukosa shukrani. Kumwambia mgonjwa ajikaze hakumsaidii, kama ambavyo kumwambia ajikaze hakuwezi kurudisha uwezo wake wa kuona.

Mabadiliko yanayofanana na sonona

Huzuni baada ya kupewa jina la ugonjwa ni jambo la kawaida. Huja na kuondoka, na mgonjwa bado huweza kufurahia ziara ya mwanawe au chakula akipendacho. Sonona hudumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi, na huondoa raha hata katika mambo yaliyopendwa.

Uchovu wa MS huongezeka kwa joto na mara nyingi huzidi alasiri. Mwenye uchovu huo hutamani kufanya jambo lakini mwili humkatalia. Mwenye sonona mara nyingi hamu yenyewe imetoweka. Kwa kuwa uchovu, usingizi mbaya na kusahau vyaweza kutokana na MS yenyewe, mhudumu azingatie zaidi kupotea kwa raha, kujilaumu kupita kiasi, kukata tamaa na mawazo ya kifo. Aidha, upungufu wa damu, upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi ya shingo vichunguzwe, maana huweza kuleta dalili zinazofanana.

Baadhi ya wagonjwa huangua kilio au kicheko ghafla bila kukusudia, pasipo huzuni wala furaha inayolingana nacho. Hali hii hutokana na kuharibika kwa njia za neva zinazodhibiti namna hisia zinavyoonyeshwa. Si wazimu, wala si dharau kwa waliopo, na ina dawa zake.

Steroidi za kiwango kikubwa, zinazotolewa kwa siku chache ugonjwa unapoibuka upya, nazo huweza kuleta hasira, kukosa usingizi au uchangamfu uliopita kiasi. Ndugu waelezwe mapema ili watoe taarifa hali hiyo ikizidi.

Maswali mawili katika kila hudhurio

Uchunguzi wa awali hauhitaji mashine. Mhudumu aulize: katika majuma mawili yaliyopita, je, umekuwa ukikosa hamu au raha ya kufanya mambo? Je, umekuwa ukijisikia mwenye huzuni au uliyekata tamaa? Jibu la ndiyo lifuatiwe na dodoso la PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili na limetumika Kenya na Tanzania. Alama zake huanzia 0 hadi 27, na kufikia 10 au zaidi hudai uchunguzi wa kina.

Kuuliza kuhusu mawazo ya kujiua hakumpandikizii mgonjwa mawazo hayo. Humpa ruhusa ya kuyasema. Hatari ya kujiua kwa wenye MS ni kubwa kuliko kwa watu wengine. Aliye na mawazo hayo, hasa akiwa na mpango, asiachwe peke yake. Dawa na viuatilifu viondolewe karibu naye, na afikishwe siku hiyohiyo katika kituo cha afya au hospitali.

Tiba

Tiba ya mazungumzo inayomfundisha mgonjwa kuyachunguza na kuyarekebisha mawazo yanayomlemea imeonyesha manufaa kwa wenye MS, hata ilipotolewa kwa simu. Jambo hili lina maana kubwa kwa anayeishi mbali na mji au asiyeweza kupanda basi.

Fluoksetini na sertralini ni miongoni mwa dawa zinazotumika. Amitriptilini huweza kusaidia pia maumivu na usingizi, lakini huweza kuleta usingizi mzito, kufunga choo na kuzuia mkojo, hivyo itolewe kwa uangalifu. Kabla ya kuanza dawa, mgonjwa aulizwe kama amewahi kuwa na vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi. Nafuu huchukua majuma kadhaa kuonekana. Anayepata nafuu huendelea na dawa kwa miezi kadhaa, wala haziachi ghafla bila ushauri wa daktari. Akihisi kuwa sindano au vidonge vya MS vimembadilisha hisia, amweleze daktari badala ya kuviacha kimyakimya.

Nyumbani, mazoezi mepesi asubuhi au jioni wakati wa ubaridi, usingizi wa saa zinazoeleweka, na kazi iliyogawanywa vipande vidogo husaidia. Pombe huzidisha sonona. Jamaa wasimnyang'anye mgonjwa kila shughuli kwa kumhurumia. Mama anayeweza kuchambua mchele akiwa ameketi aachiwe auchambue. Anayemtunza mgonjwa naye aulizwe hali yake, kwani huchoka na huweza kuugua sonona.

Hadi sasa MS haina tiba ya kuiondoa kabisa. Sonona inayoandamana nayo ina tiba, na nyingi ya tiba hiyo yaweza kuanza katika kituo cha afya cha kawaida. Mgonjwa anayesema moyo wake umekuwa mzito ametaja dalili, na dalili hiyo iandikwe katika jalada lake na kufuatiliwa sawa na ganzi ya miguu.