Mama Asema Degedege, Daktari Auliza Kifafa

Mama wa Kisauni akimwambia daktari kwamba homa ya mtoto ilianza usiku wa Ijumaa, maana yake ni usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa kuwa kwetu siku huingia magharibi. Daktari mgeni wa bara huandika usiku unaofuata. Mtoto ameshapunguziwa siku nzima ya ugonjwa wake, na kwa mwenye malaria siku moja si kitu kidogo.

Wote wawili wasema Kiswahili, na hapo ndipo penye hatari. Wasiojuana lugha hutafuta mkalimani. Hawa hawana habari kwamba wamepishana.

Chukua neno chango. Katika kamusi ni mnyoo wa tumboni, na daktari aliyejifunza Kiswahili shuleni huenda akaandika dawa ya minyoo. Kumbe mama mwenye mwana wa wiki sita ataja msokoto wa tumbo unaomliza mtoto usiku kucha. Ama mama aseme mtoto "anaendesha" tangu asubuhi. Anaendesha nini, bwana?

Zito zaidi ni degedege. Daktari huuliza, "Mtoto ana kifafa?" Mama hukataa, tena huudhika, kwani kifafa ni aibu iwezayo kumfuata binti hadi siku ya posa. Lau angeulizwa kama mtoto alikaza mwili na kugeuza macho, angesema ndiyo, mara mbili, tangu alfajiri. Kwa daktari hiyo yaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani. Kwa bibi yake mtoto ni ndege wa usiku aliyepita juu ya nyumba, na wako wazee waaminio kwamba mwenye degedege akidungwa sindano hufa. Basi hutangulia mafusho, na hospitali hufikiwa mtoto kesha zimia. Akifa baada ya sindano, mtaa husema: si tuliwaambia?

Kombe na dua sina neno nazo. Mtoto aweza kusomewa njiani akipelekwa hospitali.

Huko Kilifi, ambako KEMRI ilianzisha kituo cha utafiti mwaka 1989, watafiti waliwauliza akina mama majina yao wenyewe ya maradhi ya watoto. Hilo halihitaji mtafiti. Muuguzi aliyezaliwa hapa aliketi chumba hicho hicho, na alilisikia neno degedege tangu utoto wake. Daktari na amgeukie kabla ya kushika kalamu, na mama naye asione haya kusema, "Sivyo, bwana daktari, nilikusudia Alhamisi usiku."