Wingi wa Nukta Si Uzuri wa Picha

Anayekwenda kununua runinga kwa kawaida huuliza mambo mawili: inchi ngapi, na ni 4K au siyo? Ni maswali ya haki. Lakini majibu yake hayakuambii picha itakuwaje ukishaifikisha nyumbani.

Tuchukue hiyo 4K. Kioo cha Full HD kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla yake milioni 2 na kidogo. Cha 4K kina 3,840 kwa 2,160, zaidi ya milioni 8. Ni mara nne kweli, wala muuzaji hajakudanganya. Mpaka uko kwenye jicho. Runinga ya inchi 43 ya Full HD, ukiitazama kutoka umbali unaozidi mita 1.7 hivi, jicho zima la kawaida haliwezi tena kuitenga nukta moja na jirani yake. Kama kochi lako liko mita 3 kutoka ukutani, nukta za ziada umezilipia lakini huzioni. Kwa inchi 65 hesabu hubadilika, na hapo 4K huanza kuwa na maana kwa mtu anayekaa mita 2.

Kinachoharibu picha katika nyumba zetu mara nyingi si kioo, ni kile kinachokifikia. Dar es Salaam ilianza kuzimiwa mitambo ya analojia mwisho wa 2012. Kenya ilikamilisha kuhamia dijitali 2015. Chenga zikatoweka, na watu wengi wakaamini kwamba suala la ubora wa picha limekwisha. Halikwisha. Picha ya Full HD yenye fremu 25 kwa sekunde, ikitumwa nzima bila kubanwa, inahitaji zaidi ya biti bilioni 1.2 kila sekunde. Hakuna kituo kinachoweza kurusha mzigo huo hadi kwenye antena yako. Kwa hiyo picha hubanwa mpaka ibaki biti milioni chache tu: mtambo hutuma fremu moja kamili, kisha kwa zinazofuata hutuma zaidi yale yaliyobadilika.

Mtangazaji wa habari aliyekaa mezani habadiliki sana, hivyo anaonekana safi. Mpira wa miguu ni habari nyingine. Kamera inapomfuata winga anayekimbia, nyasi zote zinahama, mashabiki wote wanahama, na karibu kila kitu kwenye kioo ni kipya. Biti hazitoshi. Ndipo nyasi zinageuka rangi ya kijani iliyopakwa tu, na pembeni mwa wachezaji vinatokea vijisanduku. Ukiona hivyo usikimbilie kulaumu runinga. Chaneli imebanwa kupita kiasi.

Chaneli nyingi bado hurushwa kwa ubora wa kawaida, nukta 720 kwa 576. Ukiigawa idadi ya nukta za kioo cha 4K kwa hizo, unapata 20. Maana yake, kwa kila nukta moja iliyotoka kituoni, runinga yako inabidi ikisie nyingine 19. Runinga bora hukisia vizuri, runinga hafifu hukisia vibaya, lakini hakuna inayorudisha kisichorushwa. Na wapo wanaojinyima zaidi bila kujua: wameunganisha king'amuzi cha HD kwa zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano. Waya ya njano haibebi HD hata kidogo. Tumia waya ya HDMI.

Sasa kioo chenyewe. Kwa maoni yangu, jambo la kwanza la kukipima ni weusi. Runinga zinazouzwa kwa jina la LED, hata zile za QLED, ni vioo vya LCD vyenye taa nyuma yake, na LCD haiwezi kuuzuia mwanga huo wote, kama pazia jembamba lililofunika dirisha mchana. Ndiyo maana katika filamu ya usiku giza huonekana kijivu na nyuso huzama ndani yake. Kioo cha OLED kila nukta yake hutoa mwanga yenyewe na huweza kuzimika kabisa, hivyo cheusi kinakuwa cheusi kweli. Bei yake bado ni kubwa. Kuhusu kibandiko cha HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, kisikuvute: runinga ya bei nafuu inaweza kuipokea ishara ya HDR bila kuwa na mwangaza wa kuionyesha.

Kuna kipimo unachoweza kufanya jioni hii bila gharama. Fungua mipangilio ya picha. Ukikuta imewekwa Vivid au Dynamic, huo ni mpangilio uliotengenezwa kushindana na taa kali za dukani. Ngozi huwa na wekundu usiokuwepo na mavazi meupe huwa na ubluu. Chagua Movie, Cinema au Filmmaker, kisha punguza Sharpness. Mwanzoni utaona kama picha imefifia. Ipe jicho siku chache.

Na siku ya kununua, usihukumu kwa ile video ya maua na samaki inayozungushwa dukani, maana imerekodiwa ili kila runinga ipendeze. Omba waunganishe king'amuzi, waweke mechi, kisha wakuonyeshe filamu ya usiku. Simama umbali ule ule unaokaa nyumbani, ndipo utoe fedha.