Kondoo Walioyachafua Maji



Katika Sherehe ya Kristo Mfalme, Mwaka A, somo la kwanza hutoka kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 34. Ni somo tunalolipenda. Mungu mwenyewe anakuja kuwatafuta kondoo wake waliotawanyika, anawafunga waliovunjika na kuwatia nguvu wagonjwa. Msomaji hukomea mstari wa 17, tukaendelea na Misa. Lakini ukifungua Biblia yako nyumbani, ukasoma mstari wa 18 na wa 19, utakuta jambo ambalo hatulisikii kanisani siku ile. Kuna kondoo waliokunywa maji safi wakashiba, kisha wakayavuruga kwa miguu yao yaliyobaki, hata wenzao wakalazimika kunywa uchafu. Mungu anawahoji juu ya hilo.

Angalia ni nani anayeshtakiwa hapo. Mwanzoni mwa sura hiyo nabii amekwisha kuwasema wachungaji, yaani viongozi, tena kwa ukali. Sasa amewageukia kondoo. Ni kesi ya jirani na jirani, watu wa kundi moja.

Ningependa tushuke na nabii huyu hadi Mto Msimbazi. Mto huu unaanzia vilima vya Pugu, kule ambako Wabenediktini walifungua misheni mwaka 1888. Unashuka kupitia Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Njiani unapokea maji ya viwanda, damu ya machinjio, mafuta ya gereji, taka za majumbani na vinyesi vyetu.

Mungu ameujalia mto uwezo wa kujisafisha. Vijidudu tusivyoviona hula uchafu, na katika kuula hutumia oksijeni iliyomo majini. Uchafu ukiwa kidogo, mto hupata nafuu baada ya mwendo fulani. Ukizidi, oksijeni inakwisha, samaki wanakufa, na vijidudu visivyohitaji hewa vinashika kazi. Ndivyo vinavyoleta ule weusi na ile harufu ya mayai viza inayotufanya tufunge vioo vya daladala. Metali nzito ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa hakuna kijidudu kinachoimaliza risasi ya betri chakavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, mchicha ukiwamo, ukakuta risasi na kadimiamu ndani ya mboga zenyewe. Kilicho ndani ya jani hakiondoki kwa kuliosha. Mchicha ule unauzwa sokoni, na unaliwa hata na yule ambaye hajawahi kuuona mto.

Sasa niseme jambo ambalo waamini wa mabondeni wanalijua kuliko mimi. Mvua kubwa ikianza usiku, kuna nyumba zinazofungulia shimo la choo ili mafuriko yabebe kilichomo. Tunaita kutapisha choo. Neno limezoeleka kiasi kwamba halitushtui tena. Asubuhi shimo ni tupu na hakuna shilingi iliyotoka mfukoni. Kilichokuwamo kimeingia kisimani kwa mtu wa chini, kimeingia chumbani kwake pamoja na maji, kimebaki uwanjani ambapo watoto wake watacheza jua likitoka. Kipindupindu husafiri hivyo hivyo, kutoka kinyesi cha mmoja hadi kinywa cha mwingine. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulituonyesha gharama yake.

Najua jibu: "Padri, gari la majitaka ni ghali, na kwetu halifiki." Ni kweli. Watu wengi wako bondeni kwa sababu ndiko walikoweza kupanga au kununua. Simweki mjane wa Kigogo kwenye mizani moja na mwenye kiwanda anayefungulia bomba usiku wakati sheria anaijua. Na katikati ya hao wawili tupo sisi wengine: mwenye ghorofa aliyeunganisha bomba la majitaka kwenye mtaro wa mvua, fundi wa gereji anayemwaga oili mferejini, na mtumishi wa umma anayepita hapo kila siku na kunyamaza.

Wengi wetu hatunywi maji ya Msimbazi. Tunakunywa ya Ruvu, yanayotoka milima ya Uluguru, na tunawadai wakulima na wafugaji wa huko juu wayatunze. Tuna haki kudai. Kwa Ruvu sisi ni watu wa chini. Kwa Msimbazi, aliye chini ni mwingine, na anayo haki ile ile kwetu.

Injili ya Kristo Mfalme mwaka huo huo ni Mathayo 25, ambamo Mfalme anawakumbuka waliomnywesha alipokuwa na kiu. Tumeielewa vizuri upande mmoja. Mafuriko yakitokea tunapeleka katoni za maji ya chupa, na picha tunapiga. Ni sadaka njema. Ila huenda anayepokea chupa ile ndiye tuliyemchafulia kisima.

Na hapa kuna fundisho la Kitubio tunalolipitia haraka mno. Amri ya saba inadai kurudisha. Aliyeiba mbuzi hawezi kusema ametubu wakati mbuzi bado amefungwa nyuma ya nyumba yake. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Aliyewaibia jirani zake maji safi anawadai nini, au wanamdai nini? Mwenye kiwanda arudishe kwa kujenga mfumo wa kusafisha majitaka yake. Akileta kwanza mchango mnono wa ujenzi wa kanisa huku bomba lake likiendelea kumwaga mtoni, paroko awe na ujasiri wa kumuuliza, hata kama paa linangoja mabati. Mwenye ghorofa arudishe kwa kuliondoa bomba lake mtaroni.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alituita kwenye wongofu wa kiikolojia, na alisema wazi kwamba wongofu huo ni wa jumuiya nzima. Jumuiya zetu ndogo ndogo zinajua kuchangia msiba, harusi na daraja la upadri. Kwaresima na masika huja karibu pamoja kila mwaka. Kabla ya mvua hizo, jumuiya ya bondeni inaweza kuhesabu vyoo vilivyojaa, kuanzia kwa wajane na wazee, na kutumia sehemu ya sadaka ya mfungo kulipia vinyonywe. Mahali ambapo gari haliingii, wapo vijana wanaofanya kazi hiyo kwa pampu ya mkono na mapipa. Wajadiliane nao bei mapema, kabla ya wiki ya kwanza ya Machi.